Mtoto akichelewa kutembea, mama asilaumiwe

Mtoto anapofikisha miaka miwili bila kutembea wala kusema, maneno huanza mtaani. Mama alirogwa. Mama alivunja mwiko akiwa mja mzito. Kwao kuna damu mbaya. Mashemeji wakishayaamini hayo, aghalabu ndoa nayo huyumba. Msomaji, huu ni uonevu, na leo ningependa tuupime kwa kutazama protini mbili ambazo huenda hujapata kuzisikia.

Zinaitwa HERC1 na HERC2. Kila protini ya mwili ni mfano wa uzi wa shanga, na shanga hizo ni asidi amino. Protini nyingi zina shanga mia chache tu. HERC1 ina 4,861, nayo HERC2 ina 4,834. Haya ni majitu ndani ya seli.

Kazi yake ataielewa upesi mkazi wa Nairobi aliyewahi kuona jengo limechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Seli pia ina alama yake, nayo ni protini ndogo iitwayo ubikwitini. Protini iliyochakaa au iliyomaliza kazi hubandikwa mlolongo wa ubikwitini, ikapelekwa kwenye mtambo uitwao protiasomu, ikakatwakatwa, na shanga zake zikatumika tena. (Si kila alama huwa ya kubomoa, nyingine humpa mwenye kuipokea kazi mpya.) Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka wa 2004 kwa kugundua utaratibu huu.

HERC ni miongoni mwa wachora alama. Katika mkia wake kuna sehemu iitwayo HECT, ambayo hupokea ubikwitini kutoka kwa enzaimu nyingine, huishika yenyewe kwa muda mfupi, kisha huibandika panapotakiwa. Kwingineko kwenye umbo lake kuna sehemu zinazofanana na pangaboi lenye mapanga saba, ambazo husaidia kushikana na protini nyingine. HERC1 ina mapangaboi mawili, HERC2 matatu. Ukoo huo una ndugu wengine wanne wadogo, wenye pangaboi moja moja. Mmoja wao, HERC5, husaidia mwili kupambana na virusi.

HERC2 hushiriki pia katika kurekebisha DNA iliyoharibika. Tena huichochea protini nyingine, E6AP, ambayo ikikosekana katika ubongo mtoto hupata ugonjwa ulioelezwa na daktari Mwingereza, Harry Angelman, mwaka wa 1965: hasemi, hutembea kwa kuyumba, na hucheka mara kwa mara.

Sasa tazama yaliyogunduliwa miongoni mwa Waamish wa Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2012. Kulikuwa na watoto waliochelewa kukua kiakili na waliotembea kwa kuyumba. Katika HERC2 yao, shanga moja tu, ile ya 594, ilikuwa imebadilika. Shanga moja kati ya 4,834! Basi jitu zima likawa dhaifu, likavunjika kabla ya kufanya kazi yake.

Wazazi wao walikuwa wazima. Kila mmoja alikuwa na nakala moja nzuri ya jeni na moja mbovu, na mtoto huugua tu akirithi mbovu kutoka pande zote mbili. Katika kila mimba ya wazazi wa aina hiyo, uwezekano ni mmoja kati ya minne. Kwa hivyo anayetaka kumlaumu mama lazima amlaumu baba vivyo hivyo, na kwa kweli hakuna kati yao aliyechagua jeni zake. Waamish huoana wao kwa wao, na wanaooana wakiwa jamaa wa karibu huwa hatarini zaidi kubeba dosari moja.

Magonjwa ya HERC ni nadra mno. Hapa kwetu mtoto anayechelewa huenda alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliugua homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo au manjano kali alipokuwa mchanga. Hayo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Dawa ya kurudisha HERC2 haipo, lakini mazoezi ya viungo na ya kusema, yakianza mapema, humsaidia mtoto, lolote liwalo chanzo.

Ninachokataa ni kliniki kupima uzito, kuchanja, na kumwacha mtoto aende zake. Asiyeketi kwa miezi 9, au asiyetembea kwa miezi 18, aonwe na daktari. Ukiambiwa eti ni mvivu tu, omba barua ya kwenda kwa daktari wa watoto. Baba naye aandamane na mama siku hiyo, kwa kuwa daktari atauliza habari za koo zote mbili, na za upande wa baba atakayezijibu ni yeye.