Mtoto Akoromaye Usiku

Nyumba nyingi huusifu usingizi wa mtoto akoromaye. Husemwa kuwa ameshiba, kwamba amecheza mpaka akachoka, au amemrithi babu yake. Lakini mtoto akoromaye kila usiku, hata asipokuwa na mafua, hana usingizi mwema. Anashindana na pumzi yake.

Mara nyingi sababu ni mafindo, yale matezi mawili yaliyo pande mbili za koo, ambayo hospitalini huitwa tonsili. Juu yake, nyuma ya pua, mahali pasipoonekana kwa macho, mna tezi jingine la namna hiyo hiyo. Yote huusaidia mwili kupambana na vijidudu. Huwa makubwa hasa kati ya miaka 3 na 6, koo la mtoto likiwa bado jembamba, kisha hupungua yenyewe. Mchana misuli ya koo huiweka njia ya hewa wazi. Mtoto alalapo, misuli hulegea na njia ikazibana.

Mama atakaye hakika na akae kando ya kitanda kwa saa nzima. Atasikia mkoromo, kisha kimya. Kifua na tumbo vitahangaika huku hewa haipiti. Halafu mtoto atashtuka, atavuta pumzi kwa nguvu, atajigeuza na kuanza upya. Wengine hulala wamekirudisha kichwa nyuma, kinywa wazi, jasho likiwatoka. Wako waliokuwa wameacha kukojoa kitandani wakarudia, nao huchapwa bure.

Shuleni mtoto huyo husinzia. Au, na jambo hili huwapotosha wengi, hatulii hata kidogo, huwa mwepesi wa hasira na hashiki somo, mwalimu akamhesabu mtukutu. Wengine hawanenepi. Hali hiyo ikidumu, moyo nao huelemewa.

Hapo ndipo jirani hushauri mtoto akakatwe kimio. Desturi hii imeenea katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, nayo ni ya kuogopwa. Kimio ni kile kinyama kining'iniacho katikati ya koo; siyo mafindo, na kukikata hakuifungui njia iliyozibwa na kitu kingine. Wembe wa mkataji huleta kutokwa na damu, pepopunda na usaha wa koo, na watoto wamekufa kwa hayo.

Wala si kila findo kubwa hukatwa hospitalini. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2013, juu ya watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 ambao hawakuzidiwa sana, ulionyesha kuwa baada ya miezi 7 pumzi ya usiku ilikuwa ya kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na kwa asilimia 46 ya waliongojewa tu. Kungoja chini ya macho ya daktari si uzembe. Lakini mtoto ambaye pumzi humkatika mara kwa mara usiku asingojewe nyumbani.

Aliyepasuliwa huumwa koo kwa siku 7 hadi 10. Apewe maji mara kwa mara na uji uliopoa, wala asipewe aspirini, kwani huzidisha kutokwa na damu. Utando mweupe kooni si usaha, usikwanguliwe. Damu yaweza kutoka siku ya kwanza, au tena kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati nyumba imekwisha kutulia. Akitema damu nyekundu, hata kidogo, hata usiku wa manane, apelekwe hospitali papo hapo.