Mgeni Akiondoka, Jembe Amwachie Nani?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Lakini je, mgeni huyo akilima miaka kumi na mitano, kisha siku moja akafunga mizigo, jembe atamwachia nani? Na mtoto wake aliyelelewa pale pale shambani, ataambiwa kwao ni wapi?

Siulizi kwa kupenda maswali. Mwaka jana niliona kwa macho yangu familia moja ya wamishonari ikihama hapa Lokichoggio kurudi Marekani, na binti yao alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Jina lake sitalitaja. Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji asichoke kuyatafuta: kuondoka ni sehemu ya kazi ya mgeni, tena inahitaji kuandaliwa miaka, si wiki. Anayeondoka bila maandalizi huwaumiza wawili, kijiji anachokiacha na mtoto anayemchukua.

Wamishonari si wageni wa jana hapa Turkana. Wakati wa mkoloni eneo letu lilikuwa limefungwa, mtu hakuruhusiwa kuingia ovyo. Mlango ulifunguka wakati wa njaa kubwa ya mwaka 1961 hivi, wakaja mapadre kutoka Ayalandi, na Waprotestanti nao wakaja. Walijenga shule na zahanati, wakachimba visima. Mapadre na masista hawana watoto, wao huja peke yao na huondoka peke yao. Lakini wamishonari wa Kiprotestanti wengi huja na mke na watoto. Watoto hao hukua wakicheza nasi katika mchanga wa lagha, na wakifika umri fulani wengine hupelekwa shule ya bweni kule Kijabe, shule iliyoanzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wamishonari. Basi mtoto huyo ana nyumba tatu: ya wazazi Turkana, ya shule Kijabe, na ya babu na nyanya ng'ambo. Ukimwuliza kwao ni wapi, kwanza anakuuliza, "Unamaanisha wapi?"

Rafiki yangu alifika hapa akiwa mchanga wa kubebwa mgongoni. Kiturkana alikisema vizuri kuliko baadhi ya walimu wetu waliotoka Kitale. Aliweza kukamua mbuzi. Alijua pia kwamba upepo wa jioni ukigeuka lazima ukimbie kuanua nguo. Katika lugha yetu tunalo neno emoit, lenye maana ya mgeni na pia adui. Nyanya yangu hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Alimwita mjukuu, na akikosea alimgombeza kama anavyotugombeza sisi.

Siku moja alikuja kwetu akiwa kimya kama maji ya mtungini. Akasema wazazi wamewaambia jana usiku kwamba baada ya miezi miwili wanarudi nyumbani kabisa. Si likizo. Kabisa.

Sasa hapa naomba nikiri kosa langu mbele ya wasomaji wote. Unajua neno la kwanza lililonitoka? Nilimwuliza, "Baiskeli yako utamwachia nani?" Jamani! Nilikuwa nimeimezea mate baiskeli ile miaka miwili. Yeye akanitazama, akasema, "Hata wewe?" Kisha akalia. Aliponyamaza akaniambia, "Wote wanasema ninaenda nyumbani. Mimi ninatoka nyumbani." Sikuwa na jibu. Baiskeli nilipewa, iko hapa uani mpaka leo, lakini kila nikiipanda namsikia akisema, "Hata wewe?"

Wiki zile mbili za mwisho zilikuwa kama mnada. Watu walijaa langoni tangu asubuhi, huyu akitaka viti, yule jeriken, mwingine ati aliahidiwa paneli ya sola tangu mwaka juzi. Majirani wawili walikosana kwa sababu ya godoro. Siku ya kuagana mbuzi walichinjwa, baba yake akapewa ekicholong mpya, mama akavikwa shanga, hotuba zikatolewa mpaka jua likazama. Rafiki yangu alikaa pembeni na mbwa wake, ambaye hakuweza kwenda naye. Hakuna aliyemwita aseme neno. Kwani yeye hakuwa anaondoka?

Mwalimu wetu mmoja alinieleza kwamba jambo hili limechunguzwa na wasomi. Katika miaka ya 1950 mwanasosholojia Mmarekani, Ruth Hill Useem, aliishi India na kuchunguza familia za Wamarekani waliofanya kazi kule. Aliona kwamba watoto wao hawakuwa wa utamaduni wa wazazi wala wa wenyeji, bali wa kitu cha katikati, akakiita utamaduni wa tatu. Ni maneno ya wasomi, lakini nilipoyasikia nilimkumbuka rafiki yangu akiuliza "Unamaanisha wapi?"

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda India. Twende hapa karibu tu, Kakuma. Kambi ile ilianza mwaka 1992. Vita vya Sudan viliposimamishwa kwa mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, wakimbizi walianza kusafirishwa kurudi kwao mnamo Desemba mwaka huo huo. Miongoni mwao walikuwemo watoto waliozaliwa Kakuma, ambao Sudan waliijua kwa masimulizi tu. Nao waliambiwa wanaenda nyumbani. Desemba 2013 vita vikalipuka tena Sudan Kusini, wengi wakakimbilia Kakuma upya. Mtoto wa mkimbizi na mtoto wa mmishonari hawalingani kwa mali wala kwa pasipoti, hilo nalijua. Lakini neno "nyumbani" limewasumbua wote wawili.

Na mji wetu wenyewe ni ushahidi wa wageni kuondoka. Mimi sikuziona siku hizo, nimesimuliwa na baba aliyekuwa mpakiaji wa mizigo uwanjani. Tangu mwaka 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanza kupeleka misaada Sudan, Loki ilikuwa na shughuli mchana kutwa, ndege zikiruka na kutua. Hospitali ya Lopiding, iliyofunguliwa mwaka 1987 na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa kutibu majeruhi wa vita, ilikua ikawa na vitanda zaidi ya 500. Baada ya amani ya 2005 mashirika yakahamia Juba. Mwaka 2006 Lopiding ikakabidhiwa Wizara ya Afya. Baba anasema kazi ilipungua mwezi kwa mwezi, maduka yakafungwa, mahema na kambi za wageni zikabaki kwa popo. Simlaumu mtu kwa amani kuja, Mungu apishe mbali! Ninachosema ni kwamba kila mtu alijua vita vitaisha siku moja, lakini wengi wetu hatukujiandaa kwa siku hiyo. Tulidhani mgeni ni wa milele.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu. Baba yake alikuwa fundi wa visima. Miaka miwili kabla ya kuondoka alichagua vijana wawili wa hapa, akawafundisha kufungua pampu, kubadilisha vipuri na kuweka hesabu ya fedha za kamati. Mwishowe alikuwa anakaa chini ya mti na kuwaacha wafanye wenyewe, wakikosea anacheka tu. Leo ameshaondoka na kisima kinatoa maji. Mimi mwenyewe nimechota pale asubuhi hii kabla ya kuja shule. Huyo alijua jembe atamwachia nani, nami nampongeza kwa dhati. Lakini hebu msomaji fanya hesabu: pampu iliandaliwa miaka miwili, binti akaandaliwa miezi miwili. Je, pampu ina moyo?

Wapo watakaosema mtoto hufuata wazazi, na mambo ya wakubwa hayamhusu. Sikatai kwamba uamuzi ni wa wazazi. Lakini kufuata ni jambo moja, na kuburutwa kama mbuzi wa soko ni jambo lingine. Wengine watasema, mzungu huyo analia nini na anaenda Marekani, wakati sisi hapa tunalilia maji? Hata mimi nilifikiri hivyo, ndiyo maana nikauliza habari ya baiskeli. Lakini kidonda cha jirani hakiponi kwa sababu changu ni kikubwa. Tena mtu ambaye hakuaga vizuri hushindwa kurudi, na hata barua huona haya kuandika. Tunampoteza yeye, na yeye anatupoteza sisi.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, wazazi wamishonari, waambieni watoto wenu mapema, hata mwaka mzima kabla, tena waambieni ukweli. Msiseme tu "tunarudi nyumbani". Semeni, "Sisi tunarudi kwetu, na wewe unaacha kwenu, nasi tunajua." Mpeni nafasi ya kuzunguka kuaga: kisimani, shuleni, kwa nyanya.

Pili, misheni na mashirika yote yafanye kama yule fundi. Siku ya kwanza mgeni anapopewa jembe, atafute na kijana wa kumshikisha mpini. Jambo hili linawezekana. Jimbo Katoliki la Lodwar lilipoanzishwa mwaka 1978 askofu wake wa kwanza, John Mahon, alikuwa Mwairishi, na aliyemfuata Mwairishi pia. Tangu mwaka 2011 maaskofu wake wamekuwa Wakenya. Kanisa halikuanguka, watu wanasali kama kawaida.

Tatu, na hili ni letu sisi wenyeji. Tuache kugeuza kuagana kuwa mnada. Mgeni akisema anaondoka, swali la kwanza lisiwe "utaniachia nini?" Liwe "unaendeleaje?" Na la pili liwe "utanifundisha nini kabla hujaenda?" Viti huvunjika, magodoro huliwa na panya. Wale vijana wawili walichoachiwa hakiliwi na panya.

Rafiki yangu ameniandikia mara mbili kupitia simu ya mama. Anasema kule kuna theluji na watu wanamwuliza kama Afrika alikuwa akiishi na simba. Anasema akijibu kwamba kwao ni Lokichoggio wanacheka, basi siku hizi ananyamaza. Nilimsomea nyanya barua ile kwa Kiturkana. Nyanya alikaa kimya, kisha akasema, "Mwambie hapa bado ni kwao. Na umwambie mbuzi wake amezaa."

Nilimwandikia hivyo hivyo, neno kwa neno. Mwenye maoni tofauti na aandike, uwanja ni wetu sote.