Ufuta wa Kisaki usiishie guniani

Kila msimu wanunuzi huondoka Kisaki na ufuta ghafi. Mkulima mwenye shida huuza ungali shambani, kwa bei ya anayemkopesha. Hasara hiyo haina sababu. Karibu nusu ya uzito wa punje ni mafuta, na mashudu yake ni chakula cha kuku. Waarmenia huusaga kuwa tahini na kuipaka kwenye mikate ya Kwaresima. Nchini, wapishi wa nyumbani huutwanga na kuungia mboga za majani.

Mwenye mtaji mdogo asishindane na wenye malori. Anunue mashine ya kukamua. Reli ya TAZARA yapita hapo hapo kuelekea Dar es Salaam, ambako mlaji hanunui gunia, hununua chupa. Ila mtaji ugawanywe: mashine isiyo na akiba ya ufuta husimama mavuno yakiisha.