Mpungate Ukiukata na Kuuacha, Umeupanda



Swali linalorudi kila kiangazi ni hili: kwa nini nihangaike na nguzo na seng'enge wakati mpungate ni bure? Unakata vipande, unavichomeka kwenye mchanga, humwagilii, na baada ya miaka michache una ua ambao ng'ombe hapiti. Jibu langu ni kwamba mpungate si bure. Bei yake huanza kulipwa na jirani, na mwisho unailipa wewe.

Ninaouzungumzia hapa ni mpungate wa mwituni wenye miiba, ambao wataalamu huuita Opuntia stricta. Wengine huuita dungusi au kakati. Asili yake ni Amerika, hasa pwani za Karibi na Ghuba ya Meksiko. Ndiyo maana mchanga, chumvi na jua la pwani yetu haviusumbui. Ulikotoka una wadudu wanaoula na kuupunguza. Huku wadudu hao hawakuja nao.

Una njia mbili za kuzaana. Ya kwanza ni tunda. Nyani, ndege, tembo na mbuzi hulila, kisha hutapanya mbegu kwa kinyesi. Ya pili ndiyo inayotuponza: kila kipande bapa kinachoanguka chini huota mizizi. Kinaweza kukaa juu ya ardhi miezi mingi bila maji na bado kikaota mvua ikinyesha. Kwa hiyo anayepita na panga akafyeka kichaka na kuacha vipande vimetapakaa, hajafyeka kitu. Amepanda shamba jipya.

Hasara yake si ya kubahatisha. Nenda Laikipia, Kenya. Kule uliletwa wakati wa ukoloni ili uwe ua, na leo umemeza malisho makubwa ya wafugaji. Mbuzi wakila matunda, viiba vidogo kama manyoya huwaingia mdomoni na tumboni, na wengine huumia macho hadi kupofuka. Australia walifika pabaya zaidi: kufikia miaka ya 1920 mpungate ulikuwa umefunika zaidi ya hekta milioni 20, na kuna watu waliohama mashamba yao. Nako wengi waliupanda kwa nia njema, wakitaka ua.

Najua utaniambia tunda lake linalika, na kwamba wapo akina mama Laikipia wanaolitengenezea jamu na juisi. Ni kweli, na nawapongeza. Lakini wao wanavuna balaa lililokwisha kuwafika. Hiyo si sababu ya sisi kulialika. Ukiupanda ili uuze matunda, utapata fungu dogo sokoni, na malisho ya kijiji kizima yatapotea. Tena mwenye kipato kutokana na mmea huo hatapenda uishe.

Basi tufanye nini? Samaki mkunje angali mbichi. Usianze na kichaka kikubwa. Anza na ile miche michache iliyojitenga pembeni, kwa sababu ndiyo inayotangulia kwenda mbele. Ukiimaliza hiyo umezuia uenezi, kisha rudi kwenye kichaka chenyewe.

Kazi ifanywe hivi:

1. Vaa glavu nene, buti na kinga ya macho. Shika vipande kwa koleo au uma, usishike kwa mkono.
2. Ng'oa pamoja na mizizi kwa jembe au sururu. Fanya hivyo kabla matunda hayajaiva.
3. Okota kila kipande, hata kidogo. Kazi hii ya kuokota ni nzito kuliko kung'oa, na ndiyo watu huiruka.
4. Fukia kwenye shimo refu, mita moja au zaidi. Au lundika juu ya mwamba mpaka vikauke kabisa, ndipo uchome. Vikiwa vibichi haviungui vizuri, na vinavyobaki huota.
5. Usitupe korongoni, mtoni wala baharini. Maji huvisafirisha na kuvipandia wengine.
6. Rudi baada ya kila msimu wa mvua ung'oe machipukizi. Usiporudi, kazi yote ni bure.

Kwenye matuta ya mchanga karibu na bahari, ng'oa kwa awamu. Acha mimea ya asili inayotambaa ishike mchanga, maana mchanga ukibaki mtupu upepo wa kusi utauhamishia kwenye shamba lako.

Kuhusu wadudu: Laikipia wameachia tangu mwaka 2014 mdudu mdogo anayejifunika unga mweupe kama pamba, naye hufyonza mpungate mpaka ukanyauka. Anasaidia, lakini usimbebe mfukoni ukamlete kwako. Wadudu hawa wako wa aina mbalimbali, na kila aina ina mpungate wake. Kusini mwa Madagaska, miaka ya 1920, mdudu wa jamii hiyo aliangamiza mipungate ambayo watu na ng'ombe walikuwa wanaitegemea kiangazi, na njaa ikafuata. Hiyo ni kazi ya serikali na watafiti, kwa kibali.

Sasa wewe unayeuza miche na maua. Najua kuwa mimea hii inauzika kwa sababu haifi. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayoufanya uwe gugu ukitoka kwenye chungu. Angalia pia lile ua la Madagaska lenye majani membamba yanayoota vitoto kwenye ncha: kila kitoto kikianguka huwa mche, na ng'ombe akilila hupata sumu inayoshambulia moyo. Usiuze mimea hii. Mteja anayetaka ua hai muuzie minyaa au mbono kaburi. Hata hiyo ina sumu, kwa hiyo mwambie utomvu wa minyaa ni hatari kwa macho, na watoto wasile mbegu za mbono.

Mwisho, mkulima mmoja akisafisha na jirani akaacha, nyani watarudisha mbegu kabla ya mwaka kwisha. Lipelekeni jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Pangeni siku moja ya msaragambo kabla ya mvua na nyingine baada yake, na mkubaliane kwamba hakuna atakayepanda tena. Mahali ambapo bado mnaweza kuihesabu mipungate kwa vidole, kazi hiyo ni ya siku moja. Msingoje ifike mahali isipohesabika.