Mrenda si mboga ya kudharauliwa

Juma hili tuache sukuma wiki na nyanya, tufunge safari hadi mpakani. Ukiingia soko la Busia asubuhi mapema, utawakuta akina mama wamepanga mafungu ya mboga za kienyeji: kunde, managu, saga na mito. Kati ya mafungu hayo utaona majani membamba yenye meno ukingoni, na karibu na kikonyo vijiuzi viwili vyembamba kama masharubu. Huo ndio mrenda. Waluhya huuita murere, Waluo huuita apoth. Ukienda Malaba utaupata vivyo hivyo, na hata ukivuka upande wa Uganda utaukuta, kwani mrenda haudaiwi kitambulisho.

Yasikitisha kwamba watoto wetu wengi wa mjini wakiandaliwa mrenda hukunja pua na kusema unateleza. Wazazi nao huona haya kumpikia mgeni. Tunasahau kwamba Wamisri huipika mboga hii hii kwa fahari, wakiiita mulukhiya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alijitolea kuzichunguza mboga zetu za kienyeji, na mwaka 2010 akatuzwa na Umoja wa Afrika kwa kazi yake ya sayansi.

Wapenda maua nao wasiione safu hii kuwa haiwahusu. Yako maua yaitwayo holihoki, yale marefu kushinda mtu ambayo Waingereza hupenda kuyapanda mbele ya nyumba zao. Vitabu vya zamani viliuweka mrenda katika jamaa nyingine, lakini wataalamu wa siku hizi wameuingiza katika ukoo mmoja na holihoki, hibiskasi, bamia na pamba. Lakini holihoki nyingi hutoa majani tu mwaka wa kwanza, maua huja mwaka wa pili, na penye unyevu mwingi majani hushikwa na ugonjwa wa kutu. Mrenda hauna subira hiyo: baada ya wiki tano au sita umo chunguni.

Kuna na ajabu nyingine. Kahawa ya Uganda inayopita Malaba kwenda bandari ya Mombasa kwa desturi hutiwa katika magunia ya juti, kilo 60 kila gunia. Juti hiyo, inayotoka hasa Bangladesh na India, ni nyuzi za mashina ya mrenda na ya mmea mwingine ulio ndugu yake. Basi huenda mchukuzi anayeudharau mrenda mezani ameubeba mgongoni kutwa nzima!

Sasa tuje kwenye kazi. Wengi hupanda mrenda, wakangoja wiki mbili bila kuona kitu, wakamlaumu aliyewauzia mbegu. Kosa si lake. Mbegu ya mrenda ina ganda gumu lisilopenyeza maji kwa urahisi. Zifunge mbegu zako katika kitambaa chepesi. Chemsha maji, yaepue, kisha zichovye humo kwa muda wa kuhesabu pole pole moja hadi tano, usipitishe kumi. Zitoe, zianike kivulini usiku kucha, na kesho yake upande.

Panda mvua zinapoanza, au wakati wowote ikiwa una maji ya kumwagilia. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Kwa kuwa mbegu ni ndogo sana, zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane, uzimwage katika mistari iliyoachana kama sentimita 30, na uzifunike kwa udongo mwepesi usiozidi sentimita moja. Miche ikifika urefu wa kidole, ng'oa iliyosongamana. Usiitupe, ni mboga tayari.

Mpangaji asiye na shamba aweza kutumia gunia la nailoni lililojaa udongo na samadi, akalitoboa matundu chini maji yapite. Wakati wa kiangazi, chunguza chini ya majani: utitiri mwekundu hupenda kujificha hapo, nawe waweza kuuosha kwa maji. Usipande mrenda mahali pamoja msimu baada ya msimu, kwa maana kuna minyoo ya udongoni inayoharibu mizizi. Na wenzetu wa miji ya mpakani, tafadhalini: msipande kando ya barabara malori yanapoegeshwa wala kwenye mtaro wa maji machafu. Mboga hula kile inachonyweshwa.

Mmea ukifika magotini usiung'oe. Kata ncha, uache shina la shibiri moja, nalo litachipuka pembeni. Baada ya wiki mbili au tatu utakata tena. Jikoni, mrenda huchanganywa na kunde ili utelezi upungue, jambo linalowasaidia watoto wanaoanza kuula. Tia magadi kidogo tu na usichemshe mno, kwani magadi mengi huua vitamini C.

Sasa ombi langu kubwa. Tamaa ya kuvuna hutufanya tukate kila shina, kisha msimu ujao tunakwenda kuomba mbegu kwa bibi kijijini. Je, siku bibi atakapokuwa hayupo? Chagua mimea mitano iliyo bora na uipitie mbali kisu kinapokata. Itatoa vijiua vya manjano, kisha maganda marefu. Maganda yakigeuka rangi ya udongo, yachume kabla hayajapasuka, uyapukuchue na kuhifadhi mbegu katika chupa kavu yenye kifuniko. Lakini angalia: majani ni chakula, mbegu zilizokomaa zina sumu inayodhuru moyo. Weka chupa hiyo mbali na watoto, na usiwatupie mifugo maganda yake.

Mpe mtoto wako aliyekunja pua kazi ya kuitunza mimea hiyo mitano. Mwache azichovye mbegu kwa kuhesabu huku umesimama kando yake, amwagilie, akate. Mtoto hakidharau chakula alichokiotesha kwa mkono wake. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na asili yetu nyingine ni ndogo hivyo, yaenea katika kiganja.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mvua njema.