Muhogo Uliopona

Jumapili moja baada ya Misa mama mmoja wa Chamazi, huko Temeke, alinisimamisha mlangoni pa kanisa. "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Muhogo wangu uliugua batobato, majani yakajikunja yakawa na mabaka ya manjano. Sasa mashina mengine yamepona yenyewe. Je, nikate mbegu hapo? Jirani asema muhogo uliopona umekwisha zoea, kama mtoto aliyekwisha ugua surua."

Usimcheke jirani huyo. Maneno yake yana ukweli, ila haufiki mbali kama anavyodhani.

Mwaka 2012 wataalamu wa Uingereza na Uswisi walieleza habari za mmea mdogo uitwao Arabidopsis, jamaa ya kabichi. Waliutia ugonjwa, kisha wakapanda mbegu zake. Watoto wake, ambao hawajapata kuugua, walijikinga vizuri kuliko watoto wa mimea isiyougua. Yawezekanaje? Urithi wa mmea ni kama kitabu cha sala alichokuachia bibi. Maneno hayakubadilika hata moja, lakini bibi alitia utepe penye sala aliyoihitaji sana, nawe ukikishika kinafunguka papo hapo. Mmea nao hutia alama ndogo juu ya urithi wake, au huziondoa, na mabadiliko hayo yaweza kupita katika mbegu. Ila utepe huanguka. Alama nazo huweza kufutika.

Basi, muhogo? Kwanza pingili si mtoto. Ni mama yule yule aliyekatwa vipande, naye huenda na vyote alivyo navyo mwilini, kinga na virusi pamoja. Tena kinga imara ya batobato hukaa katika maneno ya kitabu, si katika utepe. Ndiyo maana huko Amani, milimani Usambara, tangu miaka ya 1930 Storey na Nichols walichanganya muhogo na mti wa mpira, jamaa yake, wapate aina zenye kinga. Katika aina kama hizo virusi havienei mwili mzima, na pingili ya juu mara nyingine hutoka safi. Aina dhaifu hazina bahati hiyo.

Nilimwambia akate kwanza kwenye mashina yasiyougua kamwe. Akipungukiwa, akate sehemu ya juu ya yale yaliyopona, ayapande pembeni, na litakaloota na mabaka aling'oe kabla inzi weupe hawajalitambaza. Tena ang'oe muhogo apasue kiazi kwanza, kwa kuwa kuna michirizi ya kahawia, ambayo majani huificha. Akiwa na shaka, TARI Mikocheni, kule Kinondoni, wanachunguza maradhi haya.

Jumapili iliyofuata aliniletea kiazi kilichopasuliwa, amekifunga kangani. Ndani kilikuwa na madoa ya kahawia, makavu kama kizibo.

"Na huu, Mwalimu," akasema, "ndio uliokuwa na majani mazuri kuliko yote."