Si Kusomea Mapazia

Kila mwaka yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, nyumba nyingi hugeuka baraza. Baba ana lake, mama ana lake, na mjomba aliyeko Dar es Salaam naye huleta lake kwa simu. Mtoto akitaja udaktari, ualimu au sheria, wazee huafikiana upesi. Lakini binti wa Magamba, kule juu ya mji wa Lushoto, akisema kwamba ataka kusomea usanifu wa ndani ya majengo, baraza hunyamaza. Kisha mmoja huuliza: "Yaani tuuze ng'ombe ili mtoto akajifunze kutundika mapazia?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kuchekwa. Ng'ombe ni mali, na mzazi anayo haki ya kujua mali yake yaenda wapi. Yafaa basi tumjibu kwa heshima.

Kupamba ni sehemu ndogo tu ya fani hii. Mwanafunzi wake hufundishwa kupima chumba na kukichora kwa vipimo. Kujua mwanga utaingilia wapi na hewa chafu itatokea wapi. Kujua sauti husambaa namna gani, vifaa gani vyadumu, na moto ukizuka watu watapita mlango upi. Rangi na mapazia huja mwishoni.

Tuitazame Magamba yenyewe. Mji wa Lushoto uko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Magamba iko juu zaidi, ubavuni mwa msitu. Miezi ya Juni na Julai baridi yake hupenya hadi mifupani. Mwenye nyumba hujikinga kwa kuweka dirisha dogo na kulifunga mapema, huku kuni zikiwaka ndani. Joto hubaki, lakini na moshi hubaki pia, na wa kwanza kuuvuta ni mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo kiasi cha milioni 3.2 duniani kote. Mahali pa kujenga jiko, urefu wa dohani, upande wa kuweka dirisha ili moshi utoke bila joto lote kutoka nao: hayo ni masuala ya msanifu wa ndani, nayo hayahusiani na anasa hata kidogo.

Mfano wa pili uko hapo hapo. Mwaka 2007 Kanisa la Kilutheri lilifungua Magamba chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, na elimu ya watu wenye mahitaji maalumu ilikuwa miongoni mwa nguzo zake. Upande mwingine wa Lushoto, huko Irente, iko shule ya wasioona. Watu wa milima hii basi wanajua kwamba chumba kinaweza kumsaidia mtu au kumfungia nje. Mlango wenye nafasi isiyofika sentimeta 80 humtaabisha mwenye kiti cha magurudumu. Njia ya mteremko, kwa kanuni inayofuatwa na wengi, huhitaji urefu wa meta 12 kwa kila meta moja ya kupanda. Ukuta wa rangi hafifu na mlango wa rangi iliyokoza humwongoza mwenye uoni mdogo. Kalamu ikikosea katika hayo, atakayeumia si mchoraji.

Wapo watakaosema kwamba elimu hii ni ya Wazungu. Na watembee Lamu. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, mafundi wa Kiswahili walipanga zidaka za chokaa safu juu ya safu katika kuta za ndani. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mafundi hao walikijua kifaa chao, wakakitii, kisha wakakipa uzuri. Huo ndio usanifu wa ndani, na mababu waliujua bila cheti.

Hata suala la mbao lina somo lake. Mkulo, mti mkubwa wa misitu ya Usambara, ulivunwa kwa wingi zamani za ukoloni, na leo msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia. Msanifu aliyesoma hatachora kabati la mkulo kwa kuwa tu mteja amelitamani. Atajua namna ya kuutumia vyema msindano au msaipresi wa kupandwa, kama ule wa shamba la miti la Shume, na seremala wa jirani atapata kazi.

Sasa njia. Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam, kilichofanywa Chuo cha Ardhi mwaka 1974 na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, hutoa shahada ya fani hii. Masharti ya kujiunga yasomwe katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka husika, wala yasichukuliwe kwa uvumi wa stendi. Mwenye uwezo mdogo aombe mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, akikumbuka kwamba mkopo ni deni. Nayo Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi huwatambua wasanifu wa ndani miongoni mwa wanataaluma inaowasajili.

Tusidanganyane, hata hivyo. Kazi nyingi za fani hii ziko mijini, na mhitimu atakayengoja kuajiriwa aweza kungoja sana. Anayeifaa ni yule mwenye jicho la kupima, mkono wa kuchora, na subira ya kumsikiliza mwenye nyumba kabla ya kumshauri.

Kwa hiyo, baba na mama, kabla ya kukataa au kukubali, mpeni mtoto futi kamba, penseli na karatasi. Mwambieni apime jiko la nyumbani, alichore, kisha aeleze ni nini angebadili ili moshi upungue na mama asiiname mno, na kwa gharama gani. Akirudi na habari za mapazia, mshaurini afikiri tena. Akirudi na dirisha lililohamishwa na hesabu ya matofali, basi suala la ng'ombe lajadilika.